Mkebe wa Sukari kwa Jirani

Ukifika Palma, mji wetu wa pwani, ukasukuma mlango nao usilie, jua huo umetengenezwa na Tuaibo. Hakuvumilia mlango wenye kelele, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na kelele za kututosha mtaa mzima. Useremala alijifunza Mtwara kwa mjomba wake, akarudi na randa, msumeno na maneno mengi. Kisha akamwoa Wahida, na kama ilivyo desturi yetu, aliyehama ni mwanamume. Uwanja ule ni wa mama yake Wahida, na kabla yake ulikuwa wa bibi. Mume huja na mkeka wake na zana zake, na mambo yakimshinda huondoka na mkeka uleule.

Mimi nimezaliwa ukuta wa pili. Kazi yangu ni kukaanga vitumbua. Moshi wangu huingia kwao, maneno yao huingia kwangu, na hatujawahi kugombania hilo. Binti yao Nuro nimembeba mgongoni. Sasa yuko Diaca na mumewe, aliyepangiwa kufundisha shule huko.

Gesi ilipoonekana chini ya bahari, wageni walifika zamani kabla ya gesi yenyewe. Kila aliyekuwa na chumba cha ziada alitaka kukipangisha, na mgeni halali chini wala hafungi mlango kwa kamba. Tuaibo alitengeneza vitanda virefu kwa watu warefu, na milango ya vitasa kwa nyumba ambazo hazijawahi kuibiwa hata kuku. Alikuwa akiranda kutoka alfajiri. Na alikuwa akila sawasawa na alivyoranda, chai ya vijiko vinne, na ugali wa muhogo ambao ukikaa upande wa pili humwoni yeye.

Basi ilitushangaza alipoanza kukonda. Suruali ikawa inashikwa na kamba. Akawa anamaliza mtungi wa maji peke yake na kutoka nje mara kwa mara. Aliyegundua ni Wahida. Asubuhi moja aliona sisimizi wamepanga mstari kwenda nyuma ya jiko, pale mumewe alipokuwa akijisaidia haja ndogo. Alijifunga leso, akamshika mkono akampeleka hospitali.

Pale hospitali kuna tabibu mmoja anaitwa Germano, mtu wa Mueda, mpole kiasi kwamba hata sindano yake huomba radhi. Alimtoboa kidole, akapima, akasema ni ugonjwa wa sukari. Alimpa vidonge na maelezo marefu. Sukari aiache, na ugali, wali na viazi avipunguze, ale kidogo kidogo, na vidonge vile asivimeze akiwa amefunga. Katika hayo yote Tuaibo alisikia neno moja, sukari. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Akaanza kunywa chai isiyo na sukari. Alikunja uso kwa kila funda, na kila funda akahakikisha tumemwona. Wahida alimwonea huruma. Siku moja, wateja wawili wakiwa wamekaa barazani wanasubiri kitanda chao, alimtilia kijiko kimoja. Tuaibo akaonja, akakiweka kikombe chini. Siku zote humwita mkewe Mama Nuro. Siku ile alimwita kwa jina lake.

"Wahida, siku utakayonitia sukari kinywani, umeachika talaka moja. Na hawa ni mashahidi."

Wale wateja walitazama miguu yao. Wanaume wa huku maneno haya hayawawii vigumu. Mwingine huapia hata samaki aliyeungua, na hasira zikipoa utamwona anakimbilia kwa mwalimu wa madrasa kuuliza kama talaka imepita au haikupita. Hasira hasara, wanajua, lakini hujua baadaye.

Wahida alichukua mkebe wa sukari juu ya kabati akanijia nao jikoni kwangu. Aliniomba nimwekee, asije akasahau siku moja mkono ukamtangulia. Nikauweka kando ya sukari yangu ya vitumbua, na nikamtukana mumewe kwa niaba yake, tusi dogo tu. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko yeye. Mtu anaumwa mwilini mwake, halafu adhabu anamwandalia aliyempeleka hospitali.

Tangu hapo Tuaibo alitembea mjini mfano wa mtu aliyeshinda kesi. Kila mteja aliambiwa namna alivyoitupa sukari. Lakini njaa iliyotoka kwenye kikombe ilihamia kwenye sahani. Ugali ukapanda juu zaidi. Wahida akiupunguza, mume anauliza kwani nyumba hii muhogo umekwisha. Akiambiwa tabibu amekataza, anajibu kwamba muhogo unatoka shambani, na sukari inatoka dukani, na yeye anaijua tofauti ya shamba na duka. Kikulacho ki nguoni mwako. Kiu haikuisha, na kila akienda kupimwa Germano alitikisa kichwa, mpaka akamwongezea vidonge.

Siku ya kuongezewa vidonge, Germano alimwita Wahida kando. Alimweleza kwamba dawa hii kazi yake ni kuiteremsha sukari ya damu, na ikimkuta mtu hajala, huiteremsha kupita kiasi. Ukimwona anatokwa jasho bila sababu, anatetemeka, anasema ovyo kama mlevi, mpe sukari palepale, usingoje. Wahida akauliza, hata akikataa? Germano akamjibu kwamba hapo ndipo atakapokataa, kwa sababu akili yake haitakuwa yake. Wahida alinisimulia hayo akiwa amekaa kwenye kibao changu cha jikoni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ana hofu.

Ukafika mwezi wa Ramadhani. Mwalimu Carimo, anayefundisha madrasa ya mtaani petu, alimwendea Tuaibo kwa hisani yake, akamkumbusha kwamba mgonjwa wa namna yake ana ruhusa, alishe maskini kwa kila siku asiyofunga. Tuaibo alijibu kwamba mtu anayeranda mbao za mvule tangu alfajiri si mgonjwa. Akafunga. Wakati wa daku alimeza vidonge vyake vyote vya siku, kwa kuwa aliambiwa asiache hata siku moja. Hilo nalo alilisikia.

Siku za mwanzo zilipita. Kisha ikaja alasiri moja nikiwa nasaga mchele wa vitumbua vya futari. Randa niliyoizoea ilinyamaza. Nikamsikia Tuaibo akiulaumu ubao, akiuambia umemsaliti, akiuita kwa jina la marehemu mjomba wake. Nilicheka. Kisha Wahida akatokea mlangoni kwangu, hana leso kichwani. Nguo zake siku zote zimekaa sawa, kwa hiyo kicheko kiliniishia.

"Jirani, mkebe," alisema.

Nilimfuata nao. Tuaibo alikuwa amekaa chini juu ya maranda ya mbao, shati limelowa jasho kana kwamba ametoka kuogelea, mikono inatetemeka. Macho yalitutazama, lakini nadhani hayakutuona. Wahida alikoroga sukari katika kikombe cha maji, sukari nyingi na maji kidogo, akapiga magoti kando yake na kumwinua kichwa. Tuaibo akakaza meno. Kwa ulimi mzito akasema jambo moja tulilolielewa.

"Nimeapa."

"Najua," Wahida alisema. "Fungua kinywa."

Hakufungua. Wahida akachovya kidole katika sukari, akakipitisha baina ya shavu na meno, akasugua. Akarudia. Akarudia tena, taratibu, kama anavyolambishwa mtoto mchanga asali. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe na nilikuwa nalia, nakiri, kwa hofu na kwa ghadhabu pia. Kisha taya likalegea kidogo, akameza. Wahida akampa kijiko kimoja, na kingine. Haikupita muda mrefu jasho likaanza kukauka, na Tuaibo akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti yake ya kawaida nani ameuharibu ubao wa watu.

Wahida alimletea uji, akamsimamia mpaka akaumaliza. Ndipo akamweleza lililotokea, bila kupandisha sauti. Alimwambia alale kwanza barazani, kesho aende hospitali, kisha atajua mwenyewe pa kwenda, maana yeye amemtia sukari kinywani mbele ya jirani, na nyumba hii ni ya mama yake. Tuaibo alitazama mlango wake alioutengeneza kwa mikono yake. Mdomo huponza kichwa, lakini wa kwake ulikuwa umekitoa na kichwa chenyewe nje ya nyumba.

Kesho yake mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali, maana dada yake Alima miguu inamsumbua, na Wahida alisema hawezi kuongozana barabarani na mtu asiyejua kama bado ni mumewe. Germano alimpima, akambadilishia vidonge, akamkataza kufunga. Tuaibo akamwuliza kwa uchungu, sukari nimeiacha miezi yote hii, hii mnayoipima inatoka wapi?

Germano hakumkaripia. Alitoka nje, akarudi na kipande cha muhogo mkavu alichokinunua kwa mama mmoja pale getini, akakikata. Nywele za Tuaibo zilikuwa na maranda bado. Germano akachomoa moja akaliosha.

"Mzee Tuaibo, tafuna hivi, kimoja kimoja. Usimeze upesi."

Alianza na muhogo. Alitafuna, akatafuna. Mwanzoni alisema ni unga tu. Kisha nikamwona amesimamisha taya, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Una utamu," alisema.

Kisha akatafuna lile ganda la mbao lililotoka nyweleni. Alitafuna mpaka likawa nyuzi, na lilibaki mti.

Hapo Germano akamweleza, na mimi nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza shuleni. Jani la mmea huchukua hewa na maji, na kwa nguvu ya jua huunda sukari, pete ndogo ya kaboni, hidrojeni na oksijeni. Pete hizo mmea huziunga moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Ukiziunga namna moja unapata wanga, nao ndio muhogo, mchele na mahindi. Hauna utamu kwa kuwa pete zimeshikana. Lakini mate yana kimeng'enya kinachokata viungo vile, ndiyo maana utamu ulitokea kinywani, na tumbo humalizia kazi. Basi mlima wa ugali ukifika kwenye damu ni sukari, na ni nyingi kuliko vijiko vinne vya chai.

"Na mti?" Tuaibo aliuliza.

Mti nao ni pete zilezile, Germano alisema, ila katika mti kila pete ya pili imegeuzwa kichwa chini, na kwa kugeuzwa huko hatuna cha kukatia kiungo chake. Mchwa anaweza, kwa kuwa ndani ya tumbo lake wanaishi vijidudu wanaomkatia.

Tuaibo anajua viungo. Anajua mbao mbili zilezile zikiungwa hivi zinabomoka kwa teke, zikiungwa vile zinamzika aliyeziunga. Alitazama viganja vyake vyenye sugu. "Kumbe maisha yangu yote naranda sukari," alisema, na Germano akacheka.

Akaendelea kumweleza. Sukari si adui. Ndiyo inayosukuma mkono wa randa. Ubongo hautaki chakula kingine ukiweza kuipata, ndiyo sababu jana alianza kugombana na ubao. Ini huweka akiba ya kutumia mtu anapolala au anapofunga, lakini vidonge vilipewa nafasi vikaishinda ile akiba. Ugonjwa wake uko kwenye mlango. Mwili una homoni inayoifungulia sukari iingie panapofanya kazi, na kwake milango imekaza kama iliyovimba kwa mvua, basi sukari inajaa nje, kwenye damu, na ndani kuna njaa. Dawa ya mlango uliovimba unaijua, Germano alimwambia. Huuvunji, na wala huachi kupita. Unaupunguza kidogo kidogo.

Mngedhani alitoka pale ameelewa. Alielewa sana, hilo ndilo tatizo. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Carimo na hoja mpya, ambayo mwenyewe alituhadithia bila aibu. Kama ugali ni sukari, alisema, basi Wahida alikuwa akimtia sukari kinywani kila siku, na talaka ama ilipita zamani ama haikuwahi kupita, na yeye anachagua haikuwahi.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia: "Ulipoapa ulikusudia mkebe, na mkebe ulifunguliwa. Usinipeleke kwenye muhogo. Talaka moja imepita. Kumrejea ni neno moja, eda haijaisha, na neno hilo limo kinywani mwako, haliko kwangu. Hata kuhama hulazimiki."

Tuaibo hakulisema. Wateja wote wa Palma walikuwa wamesikia kwamba neno lake halirudi. Alichukua mkeka akahamia kwa dada yake Alima, upande wa pili wa soko, akangoja Wahida aombe. Wahida hakuomba. Alikaa ndani kwake akahesabu eda, na mkebe akaurudisha kwangu. Ikifika mwisho wa eda bila neno, hapo hana mume, na kurudiana ni ndoa mpya, ambayo aliniambia wazi hataikubali. Nilimwuliza kama anampenda. Alisema anampenda, na ndiyo maana amechoka. Sijui kama nililala usiku ule.

Alima ni mtu mwema. Kwake kaka yake ni mfalme. Alimpikia ugali wa kutosha watu watatu, wali wa nazi, viazi vitamu, na alipoona anakonda akamwongezea. Tuaibo alijua sasa anachokula ni nini, lakini kukataa chakula cha dada ni vigumu, na kuna raha yake mtu kutobishiwa. Idi ikapita. Mwezi mwingine ukapita, eda ikakaribia kwisha. Kiu ikarudi. Asubuhi moja, nyuma ya jiko la Alima, akaona sisimizi.

Alichuchumaa akawatazama. Kisha akamwita dada yake. Hakumwonyesha sisimizi. Alimwuliza jambo moja, na haya nayapata kwa Alima mwenyewe, aliyenisimulia kwa fahari bila kujua alichosema. Alimwuliza, nikishikwa tena kama siku ile, na nikakukataza kwa mdomo wangu, utanitia sukari?

"Kaka yangu," Alima alijibu, "neno lako ni neno lako. Mimi ningekuheshimu."

Alimjibu kwa mapenzi, na Tuaibo alilijua hilo. Kisha akaomba maji ya kuoga, akavaa kanzu.

Mimi nilikuwa nageuza vitumbua nilipomwona amesimama mlangoni kwangu, nyuma yake Mwalimu Carimo na mmoja wa wale wateja wawili wa baraza. Alikuwa amekonda, na kanzu ilimpwaya. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu Ramadhani, nimeyanoa vizuri. Alisema, "Shemeji, naomba mkebe." Maneno yangu yote yakapotea. Nikampa.

Hakuufunika kwa kitambaa. Aliubeba mkononi kutoka mlango wangu mpaka wa Wahida, watu wanamwona. Wahida alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua kunde. Hakuinuka. Tuaibo alichuchumaa mbele yake, akauweka mkebe mapajani mwake, juu ya kunde.

"Mama Nuro, nimekurejea," alisema. "Na hawa ni mashahidi. Na siku nikifunga kinywa, kifungue."

Wahida aliutazama mkebe. Aliushika kwa mikono miwili, na nikaona mabega yake yakishuka, mabega niliyokuwa nimeyazoea yamekaza tangu siku ya kikombe. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya leso bila haraka. Hakumwambia amemsamehe. Aliinuka akauweka mkebe juu ya boriti ya mlango, pale ambapo hata mtu mfupi kama mimi anaufikia. Kisha akaingia jikoni.

Chakula alichotoka nacho kilikuwa kunde nyingi, mboga za majani, kipande cha samaki, na ugali wa muhogo usiozidi ngumi yake, ambayo ni ndogo. Tuaibo aliutazama. Mwalimu naye aliutazama, akageuza uso. Sote tulingoja kelele.

Alinawa mikono, akamega tonge, akaanza kutafuna polepole.